Sindano ya ganzi: tunalipia nini, na nani anayelipa?



Ndugu wasomaji, kila inapokaribia baridi ya Juni na Julai, wazazi wengi wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere huanza kupanga tohara ya watoto wao. Hapo ndipo linapoibuka swali la gharama, na katika hesabu anayopewa mzazi, neno linalomtisha kuliko yote ni ganzi. Wapo wanaodhani kuwa ganzi ndiyo inayopandisha bei, na kwa sababu hiyo humkimbilia ngariba asiyetumia sindano hiyo. Mtoto hushikwa na watu wanne, akakatwa huku akipiga mayowe, nao wazazi wakajiona wameokoa fedha. Je, kweli wameokoa?

Tuitazame kwanza dawa yenyewe. Ganzi inayochomwa mahali panapokatwa, kushonwa au kung'olewa jino, mara nyingi ni lignokaini, ambayo wengine huiita lidokaini. Iligunduliwa nchini Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, ikaingia sokoni mwaka 1948. Haki ya ugunduzi imekwisha muda wake zamani, na leo inatengenezwa na viwanda vingi duniani. Kwa hiyo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Pili, tufanye hesabu. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Kipimo cha tahadhari kinachofuatwa katika tohara ni miligramu 3, bila kuzidi, kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 basi hatakiwi kuvuka miligramu 60, yaani mililita 3. Chupa ya mililita 30 ina uwezo wa kuhudumia watoto kumi wa uzito huo, mradi kila mmoja apate bomba na sindano mpya. Kwa daktari wa meno mambo ni tofauti: kile kichupa chembamba cha mililita 1.8 hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, na kinachobaki hutupwa.

Ikiwa hivyo ndivyo, ile fedha tunayotoa ni ya nini? Ni ya bomba, glovu, nyuzi na vifaa vilivyochemshwa. Ni ya ujuzi wa anayejua achome wapi na asubiri dakika ngapi kabla ya kukata. Na ni ya safari ya dawa kutoka Bohari ya Dawa, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi juu ya uwanda wa Ufipa, kisha kuteremka tena hadi zahanati za bonde la Ziwa Rukwa na mwambao wa Tanganyika. Ganzi yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Uzito humwangukia mgonjwa pale dawa inapokosekana. Huandikiwa karatasi, akaenda duka la dawa, akanunua chupa nzima ilhali anahitaji mililita tatu. Hapa tunasema wazi: kilichonunuliwa na mgonjwa ni mali yake. Haifai mabaki yatumike kwa mwingine, naye akatozwa tena bei ya chupa nzima. Hiyo ni dhulma, hata kama fedha ni kidogo.

Tatu, ni nani anayelipa? Uchangiaji wa gharama katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaweka msamaha kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa zaidi ya miaka 60 wasio na uwezo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, humlipa mtoa huduma kwa bei zilizopangwa katika kitita cha mafao. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza kuenea mwaka 2018, iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita mikoani. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mkoa wetu wa Rukwa pia ulikuwa miongoni mwa mikoa minane iliyochaguliwa mwanzo kwa tohara ya hiari ya kitabibu, iliyotolewa bure kwa lengo la kupunguza maambukizi ya Ukimwi. Lakini mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza mkazo kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa, ikasimamisha misaada yake ya nje. Mtoto wetu wa miaka sita hakuwa mlengwa mkuu wa mpango huo. Basi mzazi asidhani tu kuwa ni bure, wala asidhani kuwa kadi ya bima itakubaliwa kwa mtoto asiyeumwa. Aulize mapema.

Wapo wanaoiogopa bima kwa sababu ya dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, lilikataza bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya kusaidiana. Mfuko wa kaya zinazochangiana ili anayeugua atibiwe uko karibu zaidi na huo msaada wa pamoja. Lakini msaada huo ni amana. Anayemwazima jirani kadi yake, na mtoa huduma anayedai malipo ya sindano ambayo hakuichoma, wote wawili wanakula mali ya wagonjwa wenzao.

Tunawausia wazazi mambo manne. Ulizeni kabla ya siku yenyewe kama ganzi imo ndani ya bei ya huduma. Hata Marekani, bima ya wazee ya Medicare hailipi kando ganzi iliyochomwa na daktari yuleyule anayepasua. Huihesabu ndani ya malipo ya upasuaji. Daini stakabadhi. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali bila kuona haya. Na wenye uwezo, badala ya kutumia fedha nyingi kwa pilau ya sherehe, wamlipie na mtoto wa jirani.

Hakuna fundisho linalosema tohara haitimii bila maumivu. Anayemnyima mtoto ganzi kwa kukwepa gharama, ajue kuwa alichokiokoa ni kidogo, na aliyekilipia ni mtoto.

Wabillahi tawfiq.