Mchezo Unaozaliwa Mazoezini

Mara nyingi mwigizaji huanza mazoezi akiwa ameshika karatasi. Mwandishi amekwisha maliza kazi yake, mwongozaji ameshajua nani atasimama wapi, kilichobaki ni kukariri. Lakini yako makundi yanayoingia ukumbini mikono mitupu na kutoka na mchezo kamili, na waliowahi kuonja kazi ya namna hiyo hurudi kwenye karatasi shingo upande.

Mfano ninaoupenda unatoka Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwaka 1972. Mwandishi Athol Fugard na waigizaji John Kani na Winston Ntshona walikuwa na picha tu, iliyopigwa studio: mwanamume mweusi aliyevaa suti, mkono mmoja sigara, mkono wa pili kiko, anatabasamu. Wakaanza kuulizana. Huyu ni nani? Ana furaha gani, katika nchi inayomlazimisha kubeba kitabu cha pasi kila aendako? Kujibu swali hilo kuliwapa Sizwe Bansi Is Dead, kisa cha mtu anayechukua pasi ya marehemu ili aruhusiwe kufanya kazi mjini. Akitaka riziki, jina lake mwenyewe lazima lizikwe.

Kani aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, na kiwanda hicho kikaingia jukwaani pamoja naye. Bosi mkubwa anakuja kutoka Marekani. Ghafla sakafu zinasuguliwa, wafanyakazi wanaamriwa wachangamke na kuimba. Mhusika wa Kani anatumwa kuwatafsiria wenzake maneno ya msimamizi mzungu, naye anayatafsiri huku akimkejeli mbele ya macho yake, na msimamizi haelewi neno. Mwandishi aliyeketi mezani peke yake huenda angetuandikia hotuba kuhusu unyonyaji. Aliyewahi kusimama kiwandani alituletea kicheko, na kicheko hicho kinauma zaidi.

Mwaka 1973 watatu hao walitengeneza The Island, kuhusu wafungwa wawili wa Robben Island. Safari hii walianza na kitambaa. Walikitandaza sakafuni, waigizaji wakatembea juu yake, kisha kikakunjwa, kikakunjwa tena, hadi miili miwili ikabanana. Hapo seli ilipatikana kabla ya neno lolote la majibizano. Ndiyo maana mwongozaji mzuri huchelewesha maneno: mwili ukishajua ulipo, ulimi hausumbuki sana.

Watu hudhani raha ya kazi hii ni kupatana. Sivyo, kwa maoni yangu. Siku nyingi ni mabishano matupu, na daima yupo mmoja anayekumbatia wazo lake kama mtoto wa kwanza. Raha huja pale mwenzako anapopokea kitu ulichokirusha bila kufikiri, akakigeuza, akakurudishia kikiwa kikubwa kuliko ulivyokikusudia. Huwezi tena kusema ni chako. Msimulizi wetu wa ngano anaijua ladha hiyo: akisema "paukwa" na asijibiwe "pakawa", hana hadithi.

Kazi hii wala haihitaji ukumbi wenye paa. Kamĩrĩthũ, huko Limuru, Kenya, muswada wa Ngaahika Ndeenda ulikuwa wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini mazoezi yalifanyika hadharani na kila mwenye la kusema akasema. Wazee walisahihisha Kikuyu cha wahusika wazee. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walieleza wanavyopunjwa. Mchezo ulipofunguliwa Oktoba 1977, kwenye jukwaa lililojengwa na wanakijiji wenyewe, baadhi ya watazamaji walikuwa tayari wanajua maneno yake kwa moyo. Serikali iliupiga marufuku mwezi uliofuata, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini.

Linabaki suala gumu: nani aandikwe kwenye jalada? Sizwe Bansi na The Island zilipochapishwa ziliwekwa majina yote matatu, na nadhani hiyo ni haki ya chini kabisa kwa watu walioupa mchezo maisha yao. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony huko New York kwa uigizaji wao katika michezo hiyo. Lakini kwao Afrika Kusini walikuwa wamelazimika kuandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani kwa Fugard, kwa sababu sheria haikutambua uigizaji kuwa kazi ya mtu mweusi.