Wafanyabiashara Wakipatana: Kusaidiana au Kudhulumu?

Mkazi wa Mbagala au Tandale wa kabla ya 2014 anazikumbuka simu za laini mbili na tatu. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2008, Tigo Pesa na Airtel Money zikafuata, na Zantel nao wakawa na Ezy Pesa, lakini kila mtandao ulikuwa kisiwa peke yake. Pesa iliyotumwa kwa mtu wa mtandao mwingine haikuingia kwenye akaunti yake ya simu. Ilimlazimu amtafute wakala wa mtandao uliotuma, atoe namba ya siri, achukue taslimu. Mama mjane anayeletewa matumizi na mwanawe ndiye aliyekuwa akihangaika juani.

Mwaka 2014 Tigo (ambayo tangu 2024 inaitwa Yas), Airtel na Zantel walipatana kwamba pesa ipite moja kwa moja kutoka mtandao hadi mtandao. Vodacom, ambaye ndiye aliyekuwa na wateja wengi zaidi, aliingia mwaka 2016.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo suala letu. Hawa ni washindani wa biashara moja, nao wamekaa pamoja wakapatana. Je, huko ni kusaidiana katika wema, kulikoamrishwa katika Suratul Maidah aya ya 2, au ni kusaidiana katika dhambi na uadui, kulikokatazwa na aya hiyo hiyo?

Tuitazame kwanza sheria ya nchi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), haikatazi kila mapatano. Kifungu cha 8 kinakataza yale yanayodhoofisha ushindani kwa kiasi cha kuhisika, na hayo hupimwa kwa athari zake. Ama kifungu cha 9 ni kikali zaidi. Kinataja mambo matatu ambayo hayangojei kupimwa athari: washindani kupanga bei, washindani kumsusia mtu kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Kisha kifungu cha 12 kinafungua mlango: Tume yaweza kuruhusu mapatano ikiwa manufaa yake kwa umma, kama vile maendeleo ya ufundi au ufanisi wa uzalishaji, yanazidi madhara. Mwanafunzi wa fiqhi hatashangaa, maana ni kupima maslaha na mafsada kwa jina jingine.

Sasa yaangalie mapatano ya 2014. Kampuni hizo, zikisaidiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) na kwa kuungwa mkono na Benki Kuu, zilipanga kanuni za kupitisha pesa: nani anawajibika pesa ikipotea njiani, hesabu inafungwaje, mgogoro unaamuliwaje. Malipo ya kampuni kwa kampuni yaliachwa yajadiliwe wawili wawili, na ada ya mteja ikabaki kwa kila kampuni. Walijenga barabara moja, lakini kila mmoja akabaki na nauli yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tofauti iliyoyaokoa mapatano yale.

Mafaqihi wetu waliliona jambo hili karne nyingi nyuma. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria) katika At-Turuq al-Hukmiyya anataja kwamba Abu Hanifa na wanafunzi wake waliwakataza wagawaji wa mali, yaani wanaolipwa ujira kwa kugawa urithi na ardhi, wasifanye ushirika baina yao. Sababu ni kwamba watu wanawahitaji, nao wakishikana watapandisha ujira. Akaongeza kwamba mtawala awazuie vivyo hivyo hata waosha maiti na wachukuzi. Tazama fikra hiyo: kugawa urithi ni kazi ya halali, na ushirika kwa asili yake ni halali. Kilichoharamishwa ni kule kumfungia mwenye haja mlango wa kwenda kwa mwingine.

Baadhi yetu hutoa hoja kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei watu walipomwomba bei zilipopanda Madina. Ni kweli. Lakini Ibn Taymiyya ameeleza kwamba katazo hilo linahusu bei inayopanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanunuzi, bila dhuluma ya mtu. Wauzaji wakishikana ili wapandishe, hao ndio waliokwisha panga bei, na mtawala anayewazuia anaondoa dhuluma.

Tuje mitaani kwetu. Mawakala kumi wa barabara moja Tandika wakipatana kulindana dhidi ya majambazi wakati wa kufunga vibanda, hilo ni jema. Wakikopeshana floti mmoja anapoishiwa, ni jema pia, maadamu kinarudi kile kile kilichokopwa. Kikizidi kwa sharti, tumeshaingia kwenye riba, na hapo hatuhitaji Tume. Lakini wakipatana kwamba kila mteja atozwe mia tano juu ya ada iliyobandikwa ukutani, wamedhulumu, hata kama walikubaliana barazani kwa msikiti baada ya Isha na wakaliita jambo lao umoja.

Gumu zaidi ni la mgeni. Kijana anafungua kibanda cha kumi na moja, na wale kumi wanaafikiana wasimkopeshe floti mpaka afunge. Mmoja mmoja, hakuna anayelazimika kukopesha. Mkopo ni hisani. Je, kumi wakikataa kwa kauli moja inakuwa haramu? Sheria ya 2003 inalikataza kundi la washindani kususia kwa mapatano, ijapokuwa kila mmoja peke yake angekuwa huru kukataa. Nami naona hukumu ya wagawaji wa urithi inaelekea huko huko, kwa kuwa pale nako kosa lilikuwa katika kule kushikana. Imamu akiulizwa na mmoja wa wale kumi, amwambie anaweza kukataa kwa sababu zake mwenyewe, lakini ajitoe katika mapatano yale.

Wallahu aalam.