Nguvu Peke Yake Haifungui Nati

Mara nyingi twawaona kando ya barabara wanaume wenye vifua vipana wakihangaika na nati moja ya gurudumu huku jasho likiwatiririka. Spana yao ni fupi, na kila mmoja anamlaumu mwenziwe kwa unyonge. Kumbe upungufu haumo mikononi mwao, bali umo katika urefu wa chombo walichokishika.

Jambo hili laweza kuthibitishwa katika kila nyumba bila ya gharama. Usukume mlango kwa kidole kimoja karibu na kitasa, utafunguka. Kisha usukume kwa kidole hicho hicho karibu na bawaba, utakaidi. Kani ni ile ile, ila umbali kutoka kwenye bawaba umepungua. Uwezo wa kani kuzungusha kitu huitwa momenti, nao hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka mahali pa mzunguko. Msingi huu ndio ule ule wa wenzo, ambao Archimedes wa Syracuse aliueleza kwa hesabu zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Kani hupimwa kwa newtoni, na mzigo wa kilo 1 huvutwa na dunia kwa newtoni 10 hivi. Basi tuchukue nati iliyoshika kutu, inayohitaji momenti ya newtoni-mita 200 ili ilegee. Kwa spana ya sentimita 25, yaani mita 0.25, gawa 200 kwa 0.25: itahitajika kani ya newtoni 800, sawa na uzito wa kilo 80. Kwa spana ya sentimita 50, zitatosha newtoni 400, sawa na kilo 40. Hata mama anayesafiri peke yake aweza kuikandamiza kwa uzito wa mwili wake.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni sahihi pale tu kani inapoikuta spana kwa nyuzi 90. Ukiisukuma kwa mshazari wa nyuzi 30, momenti hubaki nusu. Kwa hiyo ilaze spana sambamba na ardhi, kisha kandamiza kuelekea chini moja kwa moja. Tena uzilegeze nati kidogo kabla ya kuliinua gari kwa jeki, wakati ardhi ingali imelishika gurudumu. La sivyo gurudumu litazunguka pamoja na spana, na gari laweza kuteleza kutoka kwenye jeki.

Elimu hii hii yatuonya pia wakati wa kukaza. Wako madereva wanaodhani kwamba kukaza kupita kiasi ndiyo salama. Tuseme mtengenezaji ameagiza newtoni-mita 100, na dereva wa kilo 70 akapanda juu ya ncha ya spana ya sentimita 50. Newtoni 700 mara mita 0.5 ni newtoni-mita 350, yaani mara tatu na nusu ya kiasi kilichoagizwa. Bolti iliyovutwa hivyo hurefuka na kudhoofika, nayo yaweza kukatika njiani, gari likiwa limepakia mke na watoto. Nati iliyolegea nayo huleta msiba ule ule. Dawa ni kufuata kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na kutumia spana yenye kipimo kila inapopatikana.

Mwisho, wapeni watoto hesabu hii jioni ya leo. Ubao wa pembea umeegemezwa katikati. Mtoto wa kilo 20 ameketi mita 1.5 kutoka kwenye egemeo. Kaka yake mwenye kilo 30 aketi wapi ili ubao utulie? Zidisha 20 kwa 1.5 upate 30, kisha gawa kwa 30. Jawabu ni mita 1. Mtoto atakayelifahamu hilo leo hataivunja bolti kesho.