Biashara Isife na Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: mali isiyo na mrithi aliyefunzwa huisha pamoja na matanga.

Ogwedhi ni soko la Migori lililo karibu na mpaka wa Transmara, ambako Mjaluo, Mkuria na Mmaasai huuziana mifugo na nafaka. Nilipolizuru niliwauliza wenye maduka: siku utakapofumba macho, nani atashika ufunguo? Wengi walicheka. Mzee mmoja, muuza mahindi, akanijibu, "Bwana mwandishi, wanangu wote wako Nairobi. Duka hili tutazikwa nalo."

Jawabu hilo lilinikumbusha watawala watatu wa Japani ya kale, ambao hadi leo wafanyabiashara wa nchi hiyo huwasoma ili kujifunza kupanga mambo ya mbali.

Wa kwanza ni Oda Nobunaga. Mwaka 1577 alitoa amri kwamba soko la mji wake wa Azuchi liwe huru: ushuru uondolewe, na vyama vya wafanyabiashara visiwe na uwezo wa kuwafukuza wageni. Ogwedhi yaijua siri hiyo bila kufunzwa na Mjapani. Soko hustawi pale mgeni anapouza bila kuulizwa ukoo wake.

Wa pili, Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa mnyonge, alipimisha mashamba ya nchi na kuagiza kipimo kimoja cha mchele. Aliyewahi kuuziwa mahindi kwa gorogoro iliyobonyezwa kitako atafahamu thamani ya agizo hilo. Mnunuzi aliyepunjwa leo, kesho hupitia njia nyingine.

Lakini Hideyoshi alipofariki mwaka 1598, mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka mitano. Wakuu walioapa kumlinda wakagombana, na kufikia mwaka 1615 nyumba yake ilikuwa imekwisha.

Aliyeimaliza ni Tokugawa Ieyasu, mtawala wa tatu, naye hakutaka yampate yaleyale. Mwaka 1603 alipata cheo cha shogun, yaani amiri mkuu mwenye kutawala kwa jina la mfalme. Baada ya miaka miwili tu akamwachia mwanawe Hidetada, naye akakaa nyuma akimwelekeza mpaka alipofariki mwaka 1616. Ukoo wake ulitawala kwa zaidi ya miaka 260.

Sisemi tuige panga zao, la hasha! Damu waliyoimwaga ilikuwa nyingi mno. Tuchukue mpango, tuwaachie vita vyao.

Tena hapa petu Nyanza pana njia nyingine. Jaramogi Oginga Odinga alipoasisi Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, mtaji ulitokana na hisa za watu wa kawaida. Penye wenye hisa wengi, kifo cha mmoja si lazima kifunge mlango.

Basi, ndugu msomaji mwenye duka, usingoje uzee. Mwanao akija likizo, au mpwa wako, au hata kijana mwaminifu uliyemwajiri, mpe daftari ungali na nguvu. Muache anunue, auze, akosee, nawe umsahihishe. Kosa lake la leo utaligharimia kwa shilingi chache. Likimpata ukiwa kaburini, litagharimu duka zima.