Kikopo cha Kunasa Mafuta: Je, Motokaa Yako Inakihitaji?

Katika maduka ya vipuri vya motokaa huuzwa kikopo cha chuma chepesi, chenye midomo miwili juu na kizibo chini. Wengine hukisifu kwamba chahifadhi injini. Wengine hukicheka na kusema ni pambo la vijana. Kila upande una sehemu yake ya kweli. Baba wa jamaa ambaye motokaa yake ndiyo jembe lake, maana yalisha nyumba na kulipa karo ya watoto, yampasa aelewe kwanza kazi ya kikopo hicho, ndipo afungue mfuko wake.

MOSHI UPITAO KANDO YA PISTONI

Petroli iwakapo ndani ya silinda, nguvu yake huisukuma pistoni chini. Pistoni imevikwa ringi ili kuziba nafasi, lakini haziwezi kuziba kabisa, hata injini ikiwa mpya. Moshi kidogo hupenya na kushuka katika karteri, yaani chumba cha chini kilichomo mafuta. Humo huchanganyika na matone madogo mno ya mafuta, mvuke wa maji, na petroli isiyoungua. Moshi huo usipopata njia ya kutoka, huzidi nguvu hata kusukuma mafuta nje kwa kupitia sili za injini.

Zamani njia hiyo ilikuwa bomba lielekealo chini, likitoa uchafu barabarani. Huko Los Angeles, katika jimbo la California, watu waliteswa na ukungu mchafu uliowasha macho. Ndipo mwaka 1961 motokaa mpya za jimbo hilo zilipoanza kuwekewa mpira wa kurudisha moshi wa karteri katika njia ya hewa ya injini, ili uungue humo. Na mwaka 1963 desturi hiyo ikaenea Marekani yote. Katika njia hiyo huwekwa vali ndogo ya kupima kiasi cha moshi. Mpango huu ni mwema, wala haufai kuondolewa. Walakini una kasoro moja: matone ya mafuta nayo hufuatana na moshi.

INJINI ZA NAMNA MBILI

Katika injini nyingi petroli hunyunyizwa nyuma ya vali za kuingiza hewa, nayo huziosha daima. Injini za namna hii hazikihitaji sana kikopo. Lakini mwaka 1996 Mitsubishi ilianza kuuza kule Japani motokaa ya Galant ambayo petroli yake hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe, na viwanda vingine vingi vikafuata. Injini hizi zaokoa petroli, lakini vali zao hazioshwi tena. Mafuta yazifikiayo huokwa na joto na kuwa gamba jeusi. Njia ya hewa hupungua, injini hutetemeka asubuhi, nguvu hulegea; na kulikwangua gamba hilo ni kazi ya kufungua injini kwa gharama nyingi. Tangu mwaka 2005 Toyota imetengeneza baadhi ya injini zenye vinyunyizio vya namna zote mbili, ili vali zioshwe tena.

Basi, swali la kwanza kwa fundi liwe hili: petroli ya injini yangu hunyunyizwa wapi? Mwenye injini ya dizeli naye aulize, kwa maana katika dizeli nyingi za siku hizi masizi ya eksozi hurudishwa ndani, yakikutana na mafuta hayo huwa kama lami.

JINSI YA KUKIFUNGA

Chagua kikopo chenye vizuizi au wavu ndani yake. Moshi ugongapo vizuizi hivyo hupoa, na matone hushikana na kuanguka chini. Kopo tupu lisilo na kitu ndani hupitisha karibu yote.

Ngoja injini ipoe. Tafuta mpira utokao kwenye vali ya karteri kwenda kwenye njia ya hewa. Uukate mwendo wake, uunge upande wa vali kwenye mdomo wa kuingilia, na upande wa pili kwenye mdomo wa kutokea. Vali yenyewe ibaki mahali pake. Tumia mipira istahimiliyo mafuta na joto, yenye upana sawa na ule wa kwanza, isipinde hata kujibana. Kikopo kikazwe kwa kishikizo imara, mbali na bomba la eksozi, feni na mikanda, mahali ambapo mkono wafika kwa urahisi. Kisha washa injini na usikilize. Ikilia kama nyoka, au mwendo wake ukipanda na kushuka, hewa inaingia kwenye kiungo kilicholegea. Motokaa yenye turbo ina mizunguko zaidi ya moshi. Hiyo mwachie fundi aijuaye.

Chupa ya plastiki isitumike kamwe, kwa maana joto huiyeyusha, na mafuta yakimwagika juu ya eksozi yaweza kuwaka moto. Wala usiuache mdomo wa kutokea wazi: moshi huo ni sumu, nao huingia mahali walipoketi mama na watoto.

KAZI ISIYOKWISHA

Fungua kikopo baada ya kilomita 500 za kwanza, uone kiasi kilichomo, kisha ujiwekee zamu ya kukimwaga. Katika asubuhi za baridi za Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, na kwa safari fupi za mjini, utakuta maji mengi yaliyochanganyika na mafuta, rangi yake kama kahawa ya maziwa. Usistaajabu. Lakini usiyarudishe katika injini, wala usiyamwage shimoni karibu na kisima. Yatie katika chombo pamoja na mafuta machafu ya garaji. Kikopo kisichomwagwa hufurika, na uchafu wake wote huingia injini kwa mara moja. Afadhali asiyenacho kuliko anacho na amekisahau.

Tena, kikopo hakiondoi gamba lililokwisha kushika. Hupunguza tu litakalokuja. Wala hakiponyi ringi zilizochakaa. Kikijaa mafuta matupu upesi kuliko zamani, usinunue kikubwa zaidi, bali mwambie fundi apime nguvu ya mgandamizo katika kila silinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kikopo hiki, kwa mwenye kukifungua mara kwa mara, chauonyesha ufa ungali mdogo.