Shilingi 60,000 Zilikwenda Wapi?

Mwaka juzi nilimkosea shemeji yangu. Mwezi ulikuwa ukingoni nami nahesabu kwa vidole: kodi ya nyumba nimelipa, unga umenunuliwa, ada ya mtoto imekwenda. Kwa hesabu yangu zilipaswa kubaki shilingi 60,000. Hazikuwapo. Nyumbani tulikuwa tunaishi na mdogo wake mke wangu, kijana aliyekuja mjini kusoma, na mimi badala ya kuuliza nikamtupia jicho. Jicho lile alilielewa. Usiku huo hakula.

Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, Mangi pale dukani anajua tunadaiwa kiasi gani mpaka njiti ya kiberiti. Wewe unajua nini?"

Kesho yake nilinunua kijidaftari cha kuingia mfukoni. Masharti yalikuwa machache. Niandike kitu na bei, basi, tena papo hapo fedha inapotoka mkononi, kwani usiku mtu hukumbuka kodi na kusahau karanga. Asubuhi nihesabu fedha ninazotoka nazo, usiku nihesabu zilizorudi, na tofauti ilingane na jumla ya nilichoandika. Isipolingana, kuna kitu nimesahau. Siku ya kwanza zilipungua 2,500, nikakaa kitandani kama mtahiniwa hadi nikakumbuka soda nilizowanunulia watu wawili ambao hata sikuwa nawadai urafiki.

Mwisho wa mwezi mwizi alijitokeza. Chai na chapati mbili kazini, 1,500 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 39,000. Bodaboda ya jioni kutoka kituoni hadi nyumbani, mwendo wa robo saa kwa miguu, 1,000; siku hizo hizo ni 26,000. Jumla 65,000. Nilimwomba shemeji radhi mbele ya dada yake, na haikuwa rahisi.

Sisemi mtu aache chai. Mimi chai nimebaki nayo. Bodaboda ndiyo nimeiacha, isipokuwa siku za mvua.

Halafu kuna simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo malipo mengi huacha meseji, yaani sehemu kubwa ya daftari tunaandikiwa bure. Lakini watu huzifuta bila kuzisoma. Wengi wetu tulianza kuzisoma Julai 2021, serikali ilipoweka tozo ya miamala, na hata hapo tulisoma kwa hasira tu. Zipitie kila Jumapili, na makato uyaandike peke yake. Angalia mtego mmoja: ukitoa 50,000 kwa wakala, bado hujazitumia, umezihamishia mfukoni. Kilichotumika ni makato. Ukiandika hizo 50,000, kisha ukaandika na nyama uliyonunua kutokana nazo, umehesabu mara mbili na utajitia hofu bure.

Wajapani wanacho kitabu cha hesabu za nyumbani kiitwacho kakeibo, ambacho mwandishi wa habari Hani Motoko alikichapisha mwaka 1904. Nadhani Bi. Hani hakuwa akiletewa kadi tatu za mchango wa harusi kwa mwezi. Sisi tunaletewa, kwa hiyo ukurasa wa nyuma nimeutenga kwa michango ya harusi na misiba. Ukiichanganya na unga na mafuta ya taa, hutajua kamwe mwezi wako wa kawaida unakula kiasi gani.

Wengi huanza vizuri, wakaruka siku mbili, wakaona aibu na kulitupa daftari. Ukiruka, usikae ukibuni. Hesabu zilizobaki, kiasi kilichopungua kiandike kwa neno moja, "sijui", kisha endelea na leo. Mimi mwezi uliopita "sijui" yangu ilikuwa 7,000.