Matumizi ya Taa za Urujuanimno katika Kudhibiti Kuvu ndani ya Viyoyozi vya Majumbani: Uwezo na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kiyoyozi cha ukutani si kifaa cha ofisi na hoteli pekee. Kimeingia pia katika vyumba vya kulala vya nyumba za kawaida. Pamoja na kuenea huko kumekuja lalamiko linalofahamika kwa kila fundi: harufu ya uvundo pindi kiyoyozi kinapowashwa, na madoa meusi kwenye mdomo wa kutolea hewa. Aghalabu madoa hayo ni kuvu. Miongoni mwa suluhisho zinazouzwa ni taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno inayofungwa ndani ya kiyoyozi, ambayo mara nyingi hunadiwa kuwa inaua kuvu na kusafisha hewa ya chumba kizima.

Makala haya yanafafanua namna taa hiyo inavyofanya kazi na mahali inapokoma kufanya kazi. Hoja kuu ni kwamba mionzi ya urujuanimno hudhibiti kuvu iliyo juu ya uso unaomulikwa moja kwa moja na kwa muda mrefu. Haiondoi unyevu unaoistawisha kuvu, wala haifiki kwa urahisi mahali ambapo kuvu hujificha zaidi katika kiyoyozi cha ukutani.

Suala hili si la gharama peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo unahusisha hali hizo na ongezeko la dalili za mfumo wa upumuaji, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidi kwa pumu. Familia inayoamini kuwa taa imemaliza kazi huweza kuacha kusafisha kiyoyozi, ilhali mtoto mwenye pumu anaendelea kulala chini yake.

2.0 Unyevu kama Chanzo cha Tatizo

Spora za kuvu, zikiwemo za jenasi za Cladosporium, Penicillium na Aspergillus, zimo katika hewa ya kila siku. Ili zichipue huhitaji unyevu, chakula na joto la wastani. Kiyoyozi hutoa vyote vitatu. Chakula ni vumbi linalopenya kichujio: nyuzi za nguo, chembe za ngozi na mafuta ya jikoni. Unyevu hutokana na kazi yenyewe ya kupoza hewa.

Jambo hili hudhihirika kwa hesabu. Hewa yenye nyuzijoto 30 za selsiasi na unyevuanga wa asilimia 75, hali isiyo ngeni pwani wakati wa kaskazi, hubeba takribani gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzijoto 12, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi. Gramu 12 zilizosalia hugeuka maji juu ya mapezi ya alumini ya koili, hutiririka hadi kwenye trei iliyo chini yake, kisha hutoka nje kwa bomba. Bomba likiziba, au kiyoyozi kikiwa kimefungwa bila mwinamo unaofaa, maji hutuama. Hata bomba likiwa safi, koili na feni hubaki na unyevu kwa saa kadhaa baada ya kiyoyozi kuzimwa.

3.0 Namna Mionzi Inavyoua Kuvu

Uwezo wa mwanga kuzuia vijidudu ulibainishwa mwaka 1877, pale Arthur Downes na Thomas Blunt walipoonesha nchini Uingereza kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua katika mirija ya majaribio. Mwaka 1903, Niels Finsen wa Denmaki alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa kazi yake ya kutibu magonjwa kwa mionzi ya mwanga, hususani kifua kikuu cha ngozi.

Taa zinazotumika katika viyoyozi hutoa mionzi ya urujuanimno ya kundi C, ambayo urefu wake wa wimbi hauzidi nanomita 280. Taa ya mvuke wa zebaki wenye shinikizo dogo hutoa sehemu kubwa ya mionzi hiyo katika nanomita 254, karibu na kiwango ambacho DNA hufyonza nishati kwa wingi. Nishati hiyo hufanya timini mbili zilizo jirani katika uzi wa DNA zishikane. Mishikano hiyo ikizidi uwezo wa seli kujirekebisha, seli hushindwa kunakili DNA yake na hivyo haiwezi kuzaliana.

Kuvu, hata hivyo, ni sugu kuliko bakteria wengi. Spora zake zina ukuta mnene, na baadhi, kama zile za Aspergillus niger, zina rangi nyeusi inayofyonza mionzi kabla haijafika kwenye DNA. Majedwali yanayotumiwa sana na watengenezaji wa taa huonesha kuwa dozi ya milijuli 3 hivi kwa sentimita ya mraba hutosha kuangamiza asilimia 90 ya bakteria Escherichia coli, ilhali spora za Aspergillus niger huhitaji takribani milijuli 132, yaani zaidi ya mara 40.

4.0 Dozi na Muda

Dozi ni zao la ukali wa mwanga na muda wa kumulikwa. Kanuni hii ndiyo inayotenganisha dai la kusafisha hewa na dai la kusafisha koili.

Ikichukuliwa kwamba taa kali inatoa miliwati 10 kwa kila sentimita ya mraba katika eneo lenye urefu wa sentimita 30, na hewa inapita hapo kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, basi spora iliyo hewani humulikwa kwa sekunde 0.15 tu. Dozi inayopatikana ni milijuli 1.5. Spora ya Aspergillus niger ingelazimika kupita mbele ya taa hiyo karibu mara 90 ili kukusanya milijuli 132.

Kwa upande wa koili hali ni tofauti, kwa kuwa koili haisogei. Hata mwanga ukiwa hafifu mara 100, yaani miliwati 0.1 kwa sentimita ya mraba, spora iliyotua kwenye sehemu inayomulikwa hufikisha milijuli 132 katika muda wa dakika 22. Taa ikiwaka mchana na usiku, kuvu haipati nafasi ya kujenga utando mahali hapo. Kwa hiyo nguvu ya taa hizi imo zaidi katika kuzuia uotaji kwenye nyuso zisizosogea kuliko katika kuua spora zinazopita hewani.

5.0 Ushahidi kutoka Mifumo Mikubwa

Ushahidi unaotajwa mara kwa mara ni utafiti wa Menzies na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet. Utafiti huo ulifanyika katika majengo matatu ya ofisi mjini Montreal, Kanada, ukihusisha wafanyakazi 771. Taa za urujuanimno zilielekezwa kwenye koili na trei za maji za mifumo ya hewa. Zilizimwa kwa wiki 12 na kuwashwa kwa wiki 4, na mzunguko huo ulirudiwa mara tatu. Vijidudu na sumu za bakteria kwenye nyuso zilizomulikwa vilipungua kwa asilimia 99, na dalili za kiafya zilizohusishwa na mazingira ya kazi, hasa za mfumo wa upumuaji, zilipungua pia.

Matokeo hayo ni ya kutiliwa maanani, lakini masharti yake hayana budi kuzingatiwa. Asilimia 99 inahusu nyuso zilizomulikwa, si hewa yote wala mfumo mzima. Aidha, mifumo hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufunga taa kubwa mbele ya koili, mbali na macho ya watu.

6.0 Umbo la Kiyoyozi cha Ukutani

Kiyoyozi cha ukutani hakina nafasi hiyo. Koili yake imejikunja kuizunguka feni yenye umbo la silinda, na feni hiyo ina makumi ya mabapa membamba ya plastiki. Taa ikifungwa kati ya kichujio na koili, humulika uso wa nje wa koili pekee. Feni, ambayo mabapa yake hunasa vumbi na unyevu, hubaki nyuma ya koili, gizani. Taa ikisogezwa karibu na mdomo wa kutolea hewa, humulika kingo za feni lakini pia huelekea chumbani. Zaidi ya hayo, mionzi ya kundi C hudhoofisha aina nyingi za plastiki na kuzifanya zipasuke kwa urahisi.

Kikwazo kingine ni ratiba ya matumizi. Kwa sababu ya gharama za umeme, kaya nyingi huwasha kiyoyozi kwa saa chache za usiku. Taa iliyounganishwa ili iwake pamoja na kiyoyozi huzimika wakati koili na feni zingali na unyevu, yaani katika saa zile zile ambazo kuvu huota.

7.0 Usalama na Ubora

Mwongozo wa kimataifa wa kinga dhidi ya mionzi huweka kikomo cha milijuli 6 kwa sentimita ya mraba kwa macho na ngozi katika saa 8, kwa mionzi ya nanomita 254. Mwanga wa miliwati 0.1 uliotajwa hapo juu hufikia kikomo hicho katika dakika moja. Hivyo, taa haina budi kuwa na swichi inayoizima pindi kifuniko kinapofunguliwa. Taa ambayo kioo chake huruhusu mionzi ya nanomita 185 hutengeneza ozoni, gesi inayodhuru mapafu, na haifai katika chumba cha kulala.

Rangi ya buluu inayoonekana si kipimo cha ubora. Taa nyingi za zebaki hutumika kwa takribani saa 9,000, sawa na mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo. Baadaye huendelea kung'aa ilhali mionzi yake imepungua sana. Vilevile, taa zinazotoa mwanga wa zambarau wa nanomita 395 hadi 405 si za kundi C, na hazina nguvu iliyoelezwa katika makala haya.

8.0 Hitimisho

Taa ya urujuanimno ni kinga ya uso safi, si dawa ya uso mchafu. Utando mnene wa kuvu na vumbi huzuia mionzi, na hata kuvu iliyokufa huweza kuendelea kusababisha mzio hadi iondolewe. Kwa sababu hiyo, hatua zinapaswa kufuata mpangilio: kuhakikisha maji yanatoka bila kizuizi, kuchagua kiyoyozi kisichozidi mahitaji ya chumba, kwa kuwa kikubwa mno hupoza haraka na kuzima kabla ya kupunguza unyevu, kuosha vichujio mara kwa mara, kufungua na kusafisha feni, trei na koili, na kuiacha feni iendeshe hewa bila kupoza kwa muda kabla ya kuzima, ili sehemu za ndani zikauke. Baada ya hayo, taa iliyofungwa kwa usalama na kuwaka mfululizo huweza kuifanya koili ibaki safi kwa muda mrefu zaidi. Ikitangulizwa mbele ya hatua hizo, huacha chanzo cha kuvu kama kilivyokuwa, na kumwondolea mwenye nyumba sababu ya kukitafuta.